Nilifuata Soko la Krismasi, Nikarudi na Tarehe

Wivu una aina nyingi, jamani, lakini sikuwahi kusikia mwanamke anayeionea wivu lugha. Mimi ulinipata. Ilikuwa Jumamosi, Desemba 10, 2022, katika mji mdogo unaoitwa St. Gilgen, kando ya ziwa Wolfgangsee nchini Austria. Baridi ilikuwa inapenya hadi kwenye meno. Mume wangu, niliyemzoea kwa Kiswahili chake cha Morogoro na Kiingereza cha kuombea kazi, alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha mishumaa anaongea Kijerumani na mama mmoja mwenye mashavu mekundu, na wote wawili wanacheka. Wanacheka kweli, si kile kicheko cha adabu. Mimi nimesimama pembeni na kikombe changu mkononi, natabasamu kama mtu aliyeingia kwenye harusi asiyemjua bwana wala bibi.

Nikajiuliza, hivi huyu ni nani? Na mimi nimeolewa na nani?

Mpenzi msomaji, mwezi huu naomba niweke pembeni ushauri wa kawaida nikusimulie safari yangu mwenyewe. Nilikwenda kuona masoko ya Krismasi, yale unayoyaona kwenye kadi, yenye theluji na taa za njano. Niliyaona. Ila kilichobaki kichwani si taa. Ni namna wale watu wanavyosubiri.

NDOA YA KWENYE SIMU

Tulifunga ndoa Aprili 2021. Septemba mwaka huohuo mwenzangu akaondoka kwenda Salzburg kusoma shahada ya uzamili. Fanya hesabu, tulikaa chini ya paa moja miezi mitano tu. Sufuria za zawadi nyingine zilikuwa bado kwenye maboksi.

Kila mtu alinipa moyo. Mama yangu alisema miaka miwili ni kufumba na kufumbua. Rafiki zangu wakasema siku hizi kuna simu, mtaonana kila siku. Na kweli tulionana kila siku. Kipindi cha baridi sisi tunawatangulia kwa saa mbili tu, kwa hiyo mimi nikiwa nimeshapanda kitandani, yeye ndiyo kwanza anakaanga mayai. Nilimsimikia simu kwenye mto, upande wake, nikawa nalala na kioo.

Lakini wewe uliyewahi kuwa na mpenzi wa mbali unajua kinachotokea. Mazungumzo yanapungua nyama. Mwezi wa kwanza mnaambiana kila kitu. Mwezi wa sita mnaambiana mlichokula. Mwezi wa kumi na mbili mnaulizana kama mtandao unasumbua kwako au kwangu. Hamjagombana wala hakuna aliyekosea, lakini kuna mlango mnausikia ukijifunga taratibu.

Krismasi yake ya kwanza huko hata soko hakuliona. Austria iliingia tena kwenye karantini ya Korona Novemba 22, 2021, vibanda vikafungwa nchi nzima. Alinipigia akiwa chumbani peke yake, anakula tambi. Hapo ndipo nikaapa kwamba Krismasi inayofuata haitamkuta peke yake. Mwaka mzima nikaweka akiba. Nikaomba viza ya Schengen na makaratasi yake yote, barua ya kazi, taarifa ya benki, bima, cheti cha ndoa. Koti nikalipata mitumba ya Karume, zito kama godoro, na mwenye duka akashangaa kwamba kuna mtu amekuja kulinunua kwa ajili ya baridi ya kweli.

KWA NINI MIJI MIDOGO

Nilishukia Vienna nikapanda treni, saa mbili na nusu hadi Salzburg. Siku mbili za kwanza tulizunguka soko la Krismasi la Salzburg lenyewe, chini ya kanisa kuu. Ni zuri, sikatai. Haya masoko ni mambo ya kale kwa watu hawa. Vienna inajivunia ruhusa ya kufanya soko la Desemba iliyotolewa mwaka 1298, na Dresden kule Ujerumani wana soko lililoandikwa tangu 1434. Mwanzoni yalikuwa masoko ya kawaida ya watu kununua nyama na nguo kabla ya baridi kukaza, baadaye ndiyo yakaingia wachonga midoli, waoka biskuti na taa.

Ila mjini kulikuwa na msongamano kama Kariakoo Desemba 23. Unasukumwa tu. Ukitaka kumshika mwenzako mkono, kuna watu watatu katikati yenu. Mume wangu akaniambia, "Mke wangu, kesho nikupeleke ziwani. Kule utapumua."

Basi asubuhi tukapanda basi namba 150 linalokwenda Bad Ischl. Kama dakika hamsini hivi barabara inazunguka vilima, halafu ghafla inashuka na ziwa linajitandaza chini yako. Wolfgangsee lina urefu wa kama kilomita kumi, maji yake ya kijani kibichi hata wakati wa baridi, na milima imelizunguka kama watu walioketi kuzunguka moto. Mrefu unaoonekana zaidi ni Schafberg, karibu mita 1,800. Mimi niliyekulia Moshi nikacheka kidogo kimoyomoyo, Kilimanjaro mita 5,895 nimeuona kila asubuhi nikienda shule. Lakini Kilimanjaro unautazama kwa mbali. Milima hii ilikuwa imesogea hadi mlangoni.

Kando ya ziwa kuna miji mitatu midogo: St. Gilgen, St. Wolfgang na Strobl. Kila mmoja una soko lake la Majilio, na wakati wa masoko kuna boti zinazounganisha yote mitatu. Ndiyo, Majilio. Wakatoliki wenzangu mnalijua neno hilo, ni zile wiki nne za kusubiri kabla ya Noeli. Wenyewe hawayaiti sana masoko ya Krismasi, wanayaita masoko ya Majilio, na nilichukua siku mbili kuelewa kwa nini hilo lina maana.

ST. GILGEN: MWAKA KESHO TENA

St. Gilgen ndiko alikozaliwa mama yake Mozart, siku ya Krismasi mwaka 1720. Mji wenyewe unaumaliza kwa miguu kabla soksi hazijapoa. Vibanda vya mbao vimepangwa kwenye uwanja, juu yake matawi ya msonobari. Wanauza sanamu za kuchonga, viatu vya ndani vya sufu, asali, biskuti za tangawizi zenye umbo la moyo, na njugu kubwa za kahawia wanazoziita Maroni. Wanazichoma juu ya makaa na kukufungia kwenye karatasi, sawasawa na kijana wetu wa mahindi ya kuchoma pale kituoni. Nilizipenda. Zina utamu wa kiazi kitamu.

Na mvinyo wa moto, jamani! Mvinyo mwekundu uliotiwa sukari, maganda ya chungwa, mdalasini na karafuu. Nilipoinamia kikombe mvuke ukanipiga usoni, nikanusa karafuu, nikaikumbuka Pemba, machozi yakataka kunitoka bila sababu. Kikombe unakilipia dhamana, kama tulivyokuwa tunaacha dhamana ya chupa ya soda dukani. Ukikirudisha unapewa hela yako, ukikipenda unaondoka nacho.

Hapo ndipo tulipofika kwa yule mama wa mishumaa. Alikuwa mama wa mwanafunzi mwenzake na mume wangu, wanafahamiana. Kibanda chake kilinukia nta ya nyuki. Baada ya kucheka kwao alinigeukia, akanipa mkono kwa upole kabisa, akabadili lugha ili nisiachwe nje. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba amefurahi sana kunifahamu, na kwamba wote wamefurahi mume wangu anabaki mwaka mwingine.

Mwaka mwingine.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama mishumaa.

Wala sikupiga kelele. Nilinunua mshumaa mmoja, nikashukuru, nikatembea hadi ukingo wa ziwa. Akanifuata.

"Nilitaka kukwambia, mama," akasema.

"Lini? Baada ya Krismasi? Uwanja wa ndege?"

Kumbe sheria ya Austria inamruhusu mwanafunzi kutoka nje ya Ulaya, akishahitimu chuo chao, kuomba kubaki miezi 12 kutafuta kazi. Yeye angemaliza Julai 2023. Alikuwa ameshaamua kwamba ataomba. Alishawaambia marafiki zake, mwalimu wake, hata mama wa mishumaa. Aliyekuwa hajui ni mtu mmoja tu, aliyelala na simu kwenye mto kwa miezi kumi na mitano.

"Usinielewe vibaya," akasema. "Nilitaka kukwambia uso kwa uso."

"Nimefika Jumatano. Uso wangu ninao tangu Jumatano."

BOTI ILIYOBEBA WATU WAWILI WALIONUNA

Tulikuwa tumeshalipia chumba cha wageni St. Wolfgang, ng'ambo ya ziwa. Kwa hiyo tukapanda boti, tumekaa kiti kimoja, katikati yetu umepita mkondo wa Nungwi. Huko Desemba jua linazama saa kumi na robo jioni. Boti ilipita chini ya jabali la Falkenstein wakati giza linaingia. Wenyewe wana hadithi kwamba Mtakatifu Wolfgang, aliyekuwa askofu wa Regensburg zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, alisimama juu ya mlima huo akarusha shoka, akasema popote litakapoangukia atajenga kanisa. Mume wangu alijaribu kunisimulia hiyo hadithi ili kuvunja ukimya. Nikamjibu, "Angalau yeye aliporusha shoka alisema linaenda wapi."

Akanyamaza.

Halafu tukaiona taa. Mbele ya mji wa St. Wolfgang wanaelekeza juu ya maji fanusi moja kubwa mno, ndefu kama jengo la ghorofa kadhaa, inaelea ziwani na mwanga wake unatetemeka hadi kwenye boti. Watu wote wakasimama, wakatoa simu. Sisi hatukusimama. Lakini niliona mwanga umempiga usoni, nikaona amekonda, na ana mvi mbili ambazo kwenye simu hazionekani. Hasira haikuisha. Ila iliacha nafasi kidogo.

Usiku ule tulikula kimyakimya, tukalala kila mmoja upande wake. Saa sita usiku mimi bado natazama dari. Na kwa kuwa kazi yangu ni uhariri, nikikosa usingizi nasoma. Mezani kwenye chumba kile kulikuwa na shada la majani ya msonobari lenye mishumaa minne, miwili imeshawashwa wiki zilizopita, miwili mizima. Kanisani kwetu tulikuwa nalo kila mwaka, nikadhani limekuwepo tangu enzi za mitume. Nikaingia kwenye simu kutafuta lilikotoka.

Kumbe lina mwenyewe. Mwaka 1839 mchungaji mmoja wa Kilutheri mjini Hamburg, Johann Hinrich Wichern, alikuwa analea watoto maskini kwenye makazi aliyoyaanzisha. Inasemekana wale watoto walikuwa wanamuuliza kila siku: Krismasi ni leo? Ni kesho? Hawakuacha. Basi akachukua gurudumu la mkokoteni, akalipanga mishumaa, midogo ya siku za kawaida na minne mikubwa ya Jumapili. Kila siku wanawasha mmoja. Krismasi haikusogea karibu hata kwa saa moja. Lakini watoto wakaacha kuuliza, kwa sababu sasa waliona zimebaki ngapi.

Nilisoma mara mbili. Nikamtazama mwenzangu aliyelala. Nikajua ni nini hasa kilichokuwa kinaniuma.

Kusema kweli, kubaki kwake mwaka mmoja si kitu kikubwa hivyo. Mimi mwenyewe ningeweza kumshauri abaki. Kilichoniuma ni kwamba niliwasha mishumaa yangu miezi kumi na mitano, nikahesabu, halafu mtu kaongeza mishumaa mingine kumi na miwili gizani bila kuniambia. Nilikuwa nasubiri kitu chenye mwisho, kumbe mwisho umeondolewa.

STROBL: WIMBO UNAOSUBIRI

Asubuhi ilikuwa Jumapili ya tatu ya Majilio. Tuliingia kanisani St. Wolfgang, ambako kuna altare ya Michael Pacher iliyokamilika mwaka 1481, ya mbao iliyochongwa na kupakwa dhahabu, yenye mabawa ya kufungua na kufunga. Miaka yote hiyo bado inang'aa. Padri akawasha mshumaa wa tatu, ule wa rangi ya waridi. Mume wangu akanishika mkono. Sikuutoa.

Baada ya misa tukapanda boti kwenda Strobl, mtulivu kuliko yote. Kulikuwa na nyasi kavu zimetandazwa chini, watoto wanawapapasa kondoo, na bendi ya matarumbeta inapiga nyimbo za taratibu. Nikaanza kuimba kwa sauti ya chini ule wimbo wetu wa Usiku Mtakatifu. Nilijua umetoka pande hizi. Uliimbwa mara ya kwanza mkesha wa Krismasi wa 1818 kule Oberndorf, karibu na Salzburg, maneno ya Joseph Mohr na muziki wa Franz Xaver Gruber. Nikadhani wataupiga kila kibanda.

"Huo hawaupigi bado," mume wangu akasema. "Watu wengi huku wanautunza hadi jioni ya tarehe 24. Hata mti, nyumba nyingi watoto hawauoni umepambwa hadi jioni hiyo. Wanasubiri nje ya mlango hadi kengele ilie."

"Unaona?" nikamwambia. "Hata wimbo una tarehe. Ndoa yangu haina."

Akasimama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alinisikia.

Tukaketi kwenye benchi linalotazama ziwa, na hapo ndipo tulipozungumza yale ambayo simu ilishindwa kuyabeba. Aliniambia anaogopa kurudi. Wenzake wawili walirudi Dar na shahada zao wakakaa nyumbani zaidi ya mwaka. Hakutaka nimwone akiamka asubuhi hana pa kwenda. Aliniambia alijaribu kunieleza mara tatu kwenye simu, kila mara nilikuwa nimechoka, au nimefurahi, na hakutaka kuniharibia. Mimi nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia, kwamba miezi minne iliyopita nilipandishwa cheo na nikachelewa kumweleza kwa wiki mbili, kwa kuogopa kwamba kila ninapopanda hapa, ndivyo inavyokuwa vigumu kumfuata kule. Kumbe wote tulikuwa tunalindana kwa kufichana.

Nikamwambia, "Mume wangu, sikukatazi kubaki. Nakuomba tarehe."

Basi bwana, tulikubaliana pale pale, na mimi nikaandika nyuma ya karatasi ya Maroni. Atatafuta kazi kuanzia Julai 2023. Akiipata, mimi nitaomba likizo bila malipo ya miezi sita nikaishi naye, tuone kama maisha ya kule yananifaa, na uamuzi tutautoa wote wawili. Asipoipata hadi Jumapili ya kwanza ya Majilio, Desemba 3, 2023, anarudi nyumbani, hata kama sheria inamruhusu miezi zaidi. Na mabadiliko yoyote, mwenzake ndiye wa kwanza kujua, kabla ya mwalimu, kabla ya marafiki, na kabla ya mama wa mishumaa!

Tulicheka. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, na kwa Kiswahili.

Jioni tukarudisha vikombe vyetu. Yeye akachukua hela yake ya dhamana. Mimi nikaondoka na changu.

ILIKUWAJE BAADAYE

Najua unataka kujua. Nilijiandikisha darasa la Kijerumani hapa Dar, Jumanne na Alhamisi baada ya kazi, kwa sababu sikutaka tena kusimama pembeni ya kicheko. Yeye akahitimu, akatuma maombi mengi, akaitwa kwenye usaili mara kadhaa. Hakupata. Desemba 3, 2023 alinipigia asubuhi, akasema, "Mama, mshumaa wa kwanza umewaka. Nimenunua tiketi." Siwezi kukueleza nilivyolia, na haikuwa furaha tupu. Nilijua amefunga mlango mmoja kwa sababu ya ahadi.

Na wala sikudanganyi kwamba mambo yalinyooka. Alikaa nyumbani miezi saba bila kazi, tukaishi kwa mshahara wangu. Kile alichokiogopa kilitokea kweli, na kuna asubuhi niliona aibu yake na sikujua niseme nini. Lakini safari hii nilikuwa upande wa pili wa kitanda, si kwenye kioo. Julai 2024 akapata kazi. Bado siku nyingine jioni namwona anatazama picha za ziwa, na simnyimi. Alipaacha pazuri.

KWA WANAOPENDANA KWA MBALI

Sina mafunzo ya unasihi, nina shahada ya mawasiliano tu na ndoa iliyonusurika. Ila nitakuambia nilichojifunza kwenye ile miji mitatu. Umbali hauui mapenzi haraka kama tunavyodhani. Watu wanavumilia mengi. Kinachochosha ni kusubiri kusiko na hesabu, ile "tutaona", "Mungu akipenda mwakani", "nikikaa sawa". Mpe mwenzako tarehe. Inaweza kubadilika, maisha ndivyo yalivyo, lakini ikibadilika mbadilishe wote wawili, mkiwa mmekaa benchi moja. Na kati ya leo na hiyo tarehe, wekeni mishumaa midogo: safari, barua, wikiendi, chochote kinachoonyesha kwamba siku zinapungua.

UKITAKA KWENDA NA MWENZAKO

Masoko ya Wolfgangsee huanza Novemba na kufungwa kabla ya Krismasi yenyewe, kwa hiyo ukifika Desemba 26 utakuta mbao tupu. Siku nyingine za katikati ya wiki hayafunguliwi, angalia ratiba ya mwaka husika na ya boti kabla ya kulipia chumba. Vyumba vya St. Wolfgang vinajaa mapema. Ukiona bei ni kubwa, lala Salzburg uende na kurudi kwa basi. Beba euro za mkononi, vibanda vingine havipokei kadi. Viatu viwe vya kufunika kifundo cha mguu na visivyoteleza. Koti usinunue ghali, Karume lipo. Wasiokunywa pombe kuna maji ya matunda ya moto yenye viungo vilevile. Na fika saa tisa alasiri, uone milima kwanza, halafu giza likukute hapohapo taa zinapowaka.

Kile kikombe kipo jikoni kwangu. Kila Majilio tunaweka mishumaa minne mezani, juu ya majani ya mkangazi wa jirani maana msonobari hatuna, na joto la Dar linaipinda hata kabla ya kuwashwa. Mume wangu ndiye anayewasha. Mimi nahesabu.

Na wewe msomaji wangu, uliye na mtu wako ng'ambo, au Mwanza, au Dodoma: umeshampa tarehe?